Ndugu akivuka Mpondwe, umpeleke kula wapi?

Ndugu akipiga simu kutoka Butembo kusema kwamba kesho atavuka Mpondwe, mwenyeji wake upande wa Uganda hupanga mambo mawili. La kwanza hulisema kwenye simu: mzigo ni wa namna gani, na nani ataupokea. La pili hulala nalo kimya hadi asubuhi: mgeni huyu atakula wapi?

Kwa mtu anayeishi mbali na mpaka, hilo ni jambo dogo. Kwa mfanyabiashara wa Bwera, Kasese au Katunguru, ni sehemu ya biashara. Mafuta ya mawese, kahawa na vitenge huvuka daraja kwa mali kauli. Bidhaa zinatangulia, fedha zinafuata baada ya mauzo, na hakuna karatasi ya benki inayosimama katikati. Kinachosimama ni undugu. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni na Lubero wanaelewana bila mkalimani, wanaoana na kuzikana, na hapo Mpondwe kinachowatenganisha ni mto Lhubiriha tu. Mtu aliyekuamini kwa mzigo mzima, ukamlisha ovyo, ataondoka na hesabu yake kamili, ila safari ijayo huenda akatafuta namba nyingine ya kupiga.

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliposaini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Aprili 8, 2022, mengi yameandikwa kuhusu ushuru, vibali na vizuizi vya barabarani. Chakula cha mgeni hakikuandikiwa kifungu. Hata hivyo, mezani ndipo hesabu za zamani hufungwa na mizigo mipya huagizwa.

Shida ni kwamba kati ya Mpondwe na Katunguru hakuna jiji. Kasese ni manispaa, na mgeni anayetoka Butembo anatoka mji mkubwa kuliko huo. Hawezi kushangazwa na maghorofa wala taa za barabarani. Mwenyeji ana vituo vitatu vya kuchagua, yaani Bwera, Kasese mjini na Katunguru. Kila kimoja kina mgeni wake.

Karatasi na saa kwanza

Kabla ya kuwaza samaki au mbuzi, muulize mgeni amevuka kwa karatasi gani. Aliyepewa kibali cha kuingia na kurudi siku hiyohiyo hana muda wa kula Kasese, sembuse Katunguru. Mlishe Bwera, umsindikize hadi darajani jua likiwa bado juu. Mwenye hati ya kusafiria iliyogongwa muhuri wa siku kadhaa ndiye unayeweza kumzungusha.

Jambo la pili ni saa. Mashariki mwa Kongo wako nyuma ya Uganda kwa saa moja. Ikiwa saa sita mchana Butembo na Kasindi, Bwera tayari ni saa saba. Mgeni akisema “tukutane saa saba” bila kutaja ni saa ya upande gani, mwenyeji anaweza kukaa saa nzima mbele ya soda iliyopoa, huku sufuria za jikoni zikielekea kuisha. Karibu na daraja hata simu huchanganyikiwa, kwa kuwa hunasa mtandao wa ng’ambo na kubadilisha saa yenyewe. Wenye mazoea ya mpaka hutaja upande kila mara: saa saba ya Uganda, saa sita ya Kongo.

Saa hiyo moja huathiri hata tumbo. Mgeni aliyeamka alfajiri kushuka kutoka vilima vya Butembo, akapita Beni na Kasindi, anafika mpakani akiwa na njaa ya safari. Ukimwambia asubiri hadi Katunguru, umemwongezea mwendo mwingine wa zaidi ya kilomita 50. Mpe kwanza chai na chapati au ndizi za kuchoma hapo Bwera. Chakula chenyewe kitafuata.

Bwera: karibu na mzigo

Bwera ni mahali pa mgeni mwenye haraka. Faida yake kubwa ni kwamba mzigo uko karibu, na mtu hali vizuri akiwa hajui gari lake limefika wapi. Ubaya wake ni siku za soko. Jumanne na Ijumaa, soko la Mpondwe linapofurika, mikahawa ya hapo hufurika nalo. Ukifika saa nane ya Uganda siku hizo, utakuta kilichobaki ni maharagwe na posho. Weka nafasi mapema, au mtume kijana akashike meza.

Chakula cha Bwera hakitamshangaza mgeni wa Kinande, na hiyo ndiyo sifa yake. Bundu, ugali wa muhogo unaopendwa na Wakonzo, ni uleule anaoujua nyumbani. Sombe nayo haihitaji maelezo. Mtu aliyechoka hufurahi kuona sahani anayoielewa.

Kinachohitaji maelezo ni namna ya kuagiza. Katika mikahawa mingi ya Uganda, bei hufuata mchuzi. Ukiagiza nyama ya ng’ombe, mbuzi, samaki au karanga, umekwisha kutaja bei. “Chakula”, yaani matoke, wali, posho, muhogo na viazi vitamu, huja juu ya sahani hiyohiyo kwa mchanganyiko utakaoutaka. Mgeni asiyejua mtindo huu huagiza wali peke yake, kisha ugali, kisha nyama, akidhani kila kimoja kina bei yake, na mhudumu hubaki amesimama na kalamu. Mweleze kwa sauti ya chini kabla mhudumu hajafika. Ndugu hapendi kufundishwa mbele ya watu.

Usafi nao haupaswi kuwa wa kubahatisha. Juni 2019, Uganda ilithibitisha Ebola wilayani Kasese, katika familia iliyokuwa imevuka kutoka Kongo. Waliokuwa wakifanya biashara wakati huo wanakumbuka jinsi kupeana mikono kulivyogeuka jambo la hofu. Mkahawa ambao ndoo yake ya kunawia ina maji, sabuni ipo, na chakula kinatoka jikoni kikifuka moshi, huo ndio wa kumpeleka ndugu. Bango zuri mlangoni lisikupumbaze ikiwa ndoo ni kavu.

Kasese: pa kukaa na kuzungumza

Kutoka Mpondwe, barabara ya lami huenda takriban kilomita 38 hadi njia panda ya Kikorongo. Hapo mwenyeji huamua: kushoto ni Kasese, kulia ni Katunguru na barabara ya Mbarara.

Kasese inamfaa mgeni atakayelala, na mgeni mwenye mazungumzo marefu. Mji huu ulikuzwa na shaba ya Kilembe. Reli kutoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, na kazi ya mgodi ikavuta watu kutoka kila upande. Treni hazifiki tena, lakini alama ya mchanganyiko ule ingali kwenye sufuria. Siku moja mtu anaweza kupata kalo ya ulezi, matoke, bundu na posho, pamoja na firinda, yale maharagwe yaliyomenywa ganda yakapikwa hadi yakalainika. Kwa mgeni anayesema kwamba kwao hula sombe kila siku na angependa kuonja kitu cha Uganda, firinda na kalo vitampa cha kusimulia akirudi.

Mikahawa ya karibu na stendi ya magari ni ya bei nafuu na chakula chake hakilali, kwa kuwa wateja ni wengi. Lakini ina kelele, na ina macho. Hapo si mahali pa kuhesabu noti wala kutaja kwamba mzigo umelipwa. Kama kuna fedha za kukabidhiana, kamilisheni jambo hilo benki au kwa wakala wa simu, kisha mwende kula mikono mitupu.

Kwa mazungumzo ya utulivu kuna hoteli za nje kidogo ya katikati ya mji. Ile ya Margherita, kwenye barabara ya Kilembe, imebeba jina la kilele kirefu cha Ruwenzori, chenye mita 5,109. Mahali pa namna hiyo bei ni ya watalii, na chakula huanza kupikwa baada ya kuagizwa. Ukimpeleka mgeni mwenye njaa, piga simu na uagize kabla hamjaondoka Bwera.

Kasese pia ndiyo inayomfaa mkwe. Katika jamii nyingi za ukanda huu, baba mkwe na mke wa mwana, au mama mkwe na mume wa binti, hawakai meza moja wala hawatafuni wakitazamana. Ndugu anaweza kuja na mama yake, na huyo mama akawa ndiye mkwe wako. Hapo tafuta ukumbi wenye meza zilizoachana au vyumba viwili. Mkahawa wa benchi moja refu utawalaza wote wawili na njaa, kila mmoja akimheshimu mwenzake.

Joto lisisahaulike. Butembo ni mji wa vilima na ubaridi, Kasese iko bondeni. Mgeni aliyetoka nyumbani na koti zito hataki supu ya moto chini ya bati saa nane mchana. Kivuli, upepo na maji baridi yaliyofungwa vitathaminiwa kuliko nyama ya ziada.

Katunguru: mgeni wa samaki

Anayegeuka kulia Kikorongo anapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth hadi daraja la Katunguru. Chini ya daraja ni mkondo wa Kazinga, unaounganisha ziwa George na ziwa Edward. Mabasi ya Kampala yanayopitia Mbarara huvuka hapa, kwa hiyo Katunguru hupokea ndugu wa aina mbili: anayetoka Kongo kuelekea Mbarara, na anayeshuka kutoka Kampala kwenda kusalimia wazee wa Bwera. Wote wawili huja na wazo moja, samaki.

Ndugu wa Kampala amezoea sangara wa ziwa Victoria. Hapa hatampata, kwani sangara hayumo ziwa Edward wala George. Atakayemkuta ni ngege, ambaye Watanzania humwita sato na Wakongo humwita tilapia. Yupo pia semutundu, mwenye masharubu na asiye na magamba, pamoja na kambare. Yupo na samaki ambaye Waganda humwita mamba. Hapo mgeni wa Kongo au wa pwani anaweza kuruka kitini, akidhani anaandaliwa yule mnyama mwenye meno. Mwambie ni kamongo.

Ndugu wa Butembo, kwa upande wake, analijua ziwa hili. Samaki wa Vitshumbi na Kyavinyonge hupanda hadi sokoni kwake, wengi wakiwa wamekaushwa au kutiwa chumvi. Usimwambie unampeleka kuona samaki. Mwambie unampeleka kula samaki aliyetoka majini leo. Huo ndio ubora ambao Katunguru inaweza kumpa na mji wake mkubwa hauwezi.

Kabla ya kuagiza, uliza swali moja: anakula samaki gani? Kasese na Butembo kote wapo Wasabato wengi, na wengi wao hawagusi samaki asiye na magamba. Kumwekea mezani semutundu mzima ni kumlazimisha achague kati ya dini yake na adabu. Wapo pia wenye mwiko wa ukoo. Ngege mara nyingi humwokoa mwenyeji, lakini kuuliza kunaokoa zaidi. Ukiwa hapo kumbuka kwamba Msabato hafanyi shughuli Jumamosi, na Mwislamu atataka kujua nyama imechinjwa na nani.

Samaki wa Katunguru huuzwa kwa ukubwa na kwa kadiri mitumbwi ilivyopata siku hiyo. Mwombe muuzaji akuonyeshe samaki mbichi, mkubaliane bei, ndipo aingie kwenye mafuta. Ukikubaliana naye akiwa kwenye sahani, mgeni amekwisha kumega kipande na wewe huna neno. Tazama macho, ambayo hung’aa na kujaa samaki akiwa wa leo. Funua mashavu uone wekundu. Bonyeza nyama kwa kidole. Ikibaki na shimo, tafuta muuzaji mwingine.

Pima pia urefu. Kwa kanuni za Uganda, ngege anayeruhusiwa kuvuliwa hapungui inchi 11, sawa na sentimita 28 hivi, na mwaka 2017 wanajeshi walianza kusimamia kanuni hizo maziwani. Mkahawa unaojaza sahani kwa ngege wadogo wanne unakuuzia samaki wa mwaka ujao. Kwa mfanyabiashara wa samaki hiyo ni hasara inayojulikana: mzigo wa samaki wadogo ukikamatwa, hakuna ndugu wa kuulipia.

Hatari nyingine ni nyama isiyo na jina. Katunguru imezungukwa na hifadhi, na nyama ya porini huweza kuletwa mezani kwa kunong’ona, kwamba ni tamu na ni ya bei ndogo. Mgeni anaweza hata kuiomba mwenyewe. Kataa. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 ina adhabu kali, na “sikujua” haimtoi mtu kituoni. Afya nayo iko hatarini. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi katika hifadhi hii. Aprili 2025 ugonjwa huohuo uliua viboko wasiopungua 50 ng’ambo, katika hifadhi ya Virunga, kusini mwa ziwa hilohilo la Edward. Mzoga unaoelea hausemi umekufa kwa nini.

Wenyeji wengine hutaka kumpandisha mgeni hadi Mweya, ale akitazama mkondo kutoka juu. Ni mahali pazuri, lakini si pa kwenda kwa kushtukiza. Barabara kuu inayopita Katunguru hailipiwi. Njia ya kuingia Mweya ina lango na ada, na raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkaazi na mgeni wa nje hulipa viwango tofauti. Bila kitambulisho, ada ya lango inaweza kuzidi bei ya chakula. Ulizia langoni kabla hujamwahidi mtu.

Na mle mapema. Jioni viboko hutoka majini kwenda malishoni, na njia zao hupita karibu na nyumba na vibanda. Mgeni aliyekula saa kumi akaondoka na mwanga ameshiba na yuko salama. Anayekaa hadi giza akingoja sahani ya pili anacheza na mnyama asiyepisha njia.

Nani alipe, na kwa fedha gani

Kwa desturi mwenyeji ndiye hulipa, na mgeni anayetoa pochi mapema huweza kumkwaza. Lakini mfanyabiashara mdogo anayemlisha ndugu kwa mtaji wa dagaa au mafuta anakula duka lake. Njia ya wenye uzoefu ni kutenga fedha ya mgeni kabla hajafika, katika mfuko mwingine, na kuchagua mkahawa kulingana na mfuko huo. Ikiwa unatosha Bwera, basi Bwera ndiyo heshima yenyewe. Bundu ya moto iliyolipiwa ni bora kuliko kuku wa Kasese aliyekopwa.

Mgeni akisisitiza kuchangia, mwelekeze abadilishe fedha mpakani. Mwenye kibanda cha samaki Katunguru hatapokea faranga za Kongo, na dola iliyochanika au ya toleo la zamani italeta ubishi hata kwa wabadilishaji. Zikiwa shilingi, anunue soda za wote au alipie chakula cha dereva. Hilo la dereva husahaulika sana. Aliyebeba mzigo na mgeni tangu alfajiri naye ana tumbo, na ndiye atakayesimulia kwenye stendi ya Kasindi jinsi ndugu wa Uganda wanavyopokea watu.

Hesabu za biashara zisubiri sahani ziondolewe. Mtu akiulizwa deni akiwa na mfupa wa samaki mdomoni, hujibu vibaya au hujibu uongo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwenye barabara hii wahenga hawakukosea: mgeni huja na habari ya bei ya mawese Beni, ya hali ya barabara, na ya nani analipa na nani anakwepa. Habari hizo hutoka zenyewe baada ya kunawa mikono, ilimradi mwenyeji hajaharakisha.

Kisha mpigie simu usiku akiwa amefika. Muulize kama alipita salama, na zamu yako ya kwenda Butembo ni lini. Huko meza ataichagua yeye.